Jembe Nililompelekea Consolata

Nakumbuka asubuhi moja ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mwanangu, katika ile miaka ya mwanzo, tulipokuwa bado tunajifunza kuwa majirani. Mimi mtu wa Kindu, kule Kongo, nilikuwa nachukua sabuni na chumvi Lilongwe, nauza kambini. Ng'ambo ya njia alikaa Consolata, binti Mrundi, pamoja na wazazi wake. Jembe lao lilivunjika, nikamwona analima kwa kipande. Nilimhurumia. Sitakuficha, nilipenda pia anione mtu mwema. Basi siku nilipokwenda sokoni Old Town, Lilongwe, nikanunua jembe jipya, nikalifunga kwa gazeti.

Nilipobisha hodi, ndani mlikuwa na mgeni, mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani. Nikalifungua lile gazeti, nikasema, "Hili ni la Consolata."

Mama yake akaziba mdomo kwa kiganja. Mgeni akasimama, akakaza kitenge chake.

"Kumbe binti ameshachumbiwa," akasema, akatoka bila kuaga.

Baba yake Consolata akaniuliza taratibu, "We kijana, unajua ulichokileta? Kwetu, tangu enzi za mababu, jembe njo posa. Na yule mama alikuja kumposea mtoto wa kaka yake."

Mwanangu, nilicheka! Haikuwa dharau, ulikuwa woga. Kicheko kilinitoka chenyewe. "Mi nilileta tu jembe, baba." Consolata alikuwa amesimama mlangoni, akanisikia.

Siku hiyo hiyo mjomba wangu alinipeleka kwa watu wa yule mgeni. Tulieleza, tukaapa, tukaomba radhi. Walitusikiliza kwa adabu, wakatupa maji ya kunywa, lakini kwa kina Consolata hawakurudi tena. Kijana wao alioa kwingine kabla ya mvua.

Siku moja nilikutana na Consolata kwenye bomba la maji. Alitua ndoo yake, akanitazama.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Neno moja."

Basi, mwanangu, kabla hujampelekea binti wa watu kitu chochote, kiwe kitenge, pete au hata sufuria, waulize watu wa kabila lake kina maana gani kwao. Na ukikosea, usicheke. Kaa chini, omba msamaha kabla hujajitetea. Mola akupe mkono wa kutoa na moyo wa kuuliza, akujaalie mchumba ambaye wazazi wake watashukuru kwamba ulikuja.