Rangi Nyekundu Ndani ya Ufa

Nakumbuka alasiri ile, mwanangu, nimechuchumaa uani kwetu Mfaranyaki, rangi nyekundu imenifika mpaka viwikoni, na mbele yangu imesimama pikipiki niliyoiunda kwa mikono yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jana nawe ulinipitishia ya kwako hapa, injini kubwa kwenye fremu ya zamani, inang'aa bluu, ukasema, "Shikamoo mzee, hebu itazame kazi yangu." Nikaitazama, nikakusifu. Tangu uondoke sina raha, ndiyo maana nimekuita tena. Keti. Habari yenyewe si ndefu, ila kuisema kwangu ni kazi.

Fremu ilikuwa ya marehemu baba. Alilima tumbaku kule Namtumbo, na pikipiki ile ilimbebea kila kitu: magunia, mbuzi, hata wagonjwa. Injini ikafa, na baba naye akafuata. Kaka yangu Gaudensi alikuwa amehamia Madaba kulima mahindi, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mama alitamani kumshika huyo mjukuu mpaka chakula kikawa hakimpiti. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, si wewe fundi? Ifufue pikipiki ya baba, nije nimchukue mama."

Fundi! Neno hilo lilinivimbisha kichwa. Kusema kweli nilikuwa bado najifunza kazi kwa Mzee Severini, mzee mfupi, mkali, mwenye kikohozi kisichokwisha. Nikapata injini ya pikipiki kubwa zaidi iliyokuwa imegongwa. Haikukaa. Nikakata vishikio vya zamani vya injini, nikachomelea vipya, mnyororo ukakataa kunyooka, nikakata tena. Ilinichukua wiki tatu. Siku iliponguruma, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Sasa nisikilize vizuri. Mzee Severini alikuwa na utaratibu wake, na hakumsamehe aliyeuruka. Fremu iliyobadilishiwa injini haitoki gereji kabla ya kupigwa chaki. Kwanza unaiendesha siku mbili na gunia la mchanga nyuma. Ukirudi, unakwangua maungio yote mpaka chuma kionekane, unayapaka mafuta ya taa, unayaacha yanywe. Halafu unafuta pakauke kabisa, unapaka unga wa chaki, unangoja. Chuma kikiwa kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kuna ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ukishaona hivyo unajua pa kuchomelea. Rangi ni ya mwisho.

Mimi nilianza na rangi. Kaka alikuwa ametuma salamu kwamba anafika Jumamosi na wataondoka Jumapili baada ya misa, nami nilitaka watu wakitoka kanisani waione. Ni hilo tu. Nilitaka watu waseme, mtazameni yule kijana.

Ijumaa Mzee Severini akapita nyumbani. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akaizunguka pikipiki, mikono nyuma, akauliza, "Umepiga chaki?"

Ningesema hapana, ningeikwangua yote mbele yake, na kaka angerudi Madaba bila mama. Nikasema, "Nimepiga, mzee."

"Na shingo umeitazama?" Shingo ni pale mbele, mabomba ya fremu yanapokutana chini ya usukani.

"Nimeitazama. Nzima kabisa."

Akanitazama kidogo, akakohoa. "Haya. Mimi nakuamini," akasema, akaenda zake. Unasikia, mwanangu? Aliniamini.

Jumapili watu walijaa kama nilivyotaka. Mama alivaa kitenge kipya, akapanda nyuma ya kaka, kifurushi cha nguo za mtoto amekibana kifuani. Walipokata kona akageuka akanipungia mkono. Nami nikasimama katikati ya watu, kifua mbele, nikipokea pongezi.

Walikwenda salama karibu njia nzima. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Madaba, kaka alishika breki na shingo ikakatika. Kaka alirushwa majanini, akavunjika mkono. Mama aliangukia mawe. Nyonga yake ilivunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Mama yangu, aliyekuwa akienda shamba na kurudi na mzigo wa kuni kichwani huku anaimba, hakutembea tena bila magongo mawili mpaka anaingia kaburini.

Fremu iliporudishwa, Mzee Severini aliipeleka nyuma ya gereji, akaniita peke yangu. "Chungulia hapo ilipokatika," akasema. Chuma kinachovunjika leo hung'aa, kila fundi anajua. Nikachungulia. Nusu ya bomba ilikuwa inang'aa. Nusu ya pili ilikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi yangu.

"Imeingiaje humo?" akauliza.

Nikapitisha kidole juu ya wekundu ule.

"Ufa ulikuwepo wakati unapaka," akasema. "Labda tangu baba yako alipokuwa akibeba magunia. Ile injini yako nzito imeumaliza tu. Ungeniambia umetanguliza rangi, ningekucheka, tukakwangua pamoja, yakaisha siku moja. Lakini nilikuuliza, kijana. Nilikuuliza mara mbili." Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Ungedhani hapo ndipo nilipojifunza. Wapi! Wageni walikuwa wakija kumpa mama pole, naye anawaambia, "Pikipiki ya mwanangu ilikuwa nzima, ni ile barabara tu." Mimi nipo hapo hapo, namimina chai, najikausha. Kila nikitaka kusema, nasema nitasema kesho. Kaka alijua, maana Mzee Severini alimweleza, lakini aliniachia nimwambie mama mwenyewe. Miaka kumi na minne ikapita hivyo hivyo.

Wiki ya mwisho ya uhai wa mama nilikuwa nimekaa naye kitandani. Akanishika mkono, akatabasamu. "Ile pikipiki ya baba yako," akasema, "uliipaka rangi nzuri. Siku ile nilijiona malkia."

Nikafungua mdomo, mwanangu. Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Basi. Akafa siku ya tatu, na mimi nikashika jeneza kwa mikono hii. Hadi leo nikienda kufyeka kaburi lake namweleza habari yote, tangu mwanzo, lakini mama hanisikii.

Sasa hii bluu yako. Sijui kama chini yake kuna ufa. Huenda hakuna, hata mimi nilijiambia huenda hakuna. Ila umeniambia Jumamosi unampakia mkeo kwenda kwao Mbesa, na yule binti atapanda nyuma yako akiwa na imani yote, kama mama alivyopanda. Nakuomba, usione haya kuikwangua. Watu wakicheka, wacheke. Na mtu akikuuliza juu ya kazi yako, mwambie ilivyo, hata kama rangi bado mbichi na watu wameshakusanyika. Aibu ya kusema kweli nimeiona kwa wengine, huisha siku hiyo hiyo. Hii yangu nimezeeka nayo. Na kama yuko uliyemdanganya, hata kwa neno dogo, mwendee leo angali anakusikia.

Mungu akutangulie barabarani, mwanangu, wewe na huyo utakayempakia. Aibariki mikono yako, na akupe ujasiri wa kusema "sijapima" pale ambapo hujapima. Mkeo afike kwao Mbesa kwa miguu yake, azeeke akitembea, na siku akiisifu kazi yako uweze kumtazama machoni. Haya, msasa huu hapa, na chaki hii, na mafuta ya taa yamo kwenye chupa ile. Anzia shingoni.