Mjomba Alipoikalia Kamba

Mjukuu wangu kamfunga mbuzi hapo mlangoni kwa kamba ya magome iliyolowa, na mbuzi mwenyewe mwizi, keshanitafunia mkeka. Lakini harufu ya kamba ile imenirudisha kivukoni, enzi za Mjerumani, siku ya Maulidi.

Mjomba ndiye aliyetunza mitumbwi. Asubuhi alimvusha mama aende kupika ng'ambo, nami nikaachiwa mdogo wangu mgongoni, bado ananyonya. Mchana wingu jeusi likafunga milimani, maji ya mto yakaanza kuwa mekundu. Mjomba akafunga mitumbwi yote, akaikalia kamba.

Mama akaita kutoka ng'ambo: "Kaka! Nifuate, titi limejaa!"

"Maji yanakuja!"

"Yako wapi? Mbona siyaoni?"

Wapiga dufu waliotaka kuvuka wakamcheka: "Mzee anaogopa tope!" Mtoto analia, mimi naenda, narudi, situlii. Kwetu mjomba akisema, kasema, lakini nikathubutu: "Mjomba, mfuate mama." Akaongeza fundo.

Maji yakashuka na magogo, yakang'oa mtumbwi mmoja na mti uliofungiwa. Kicheko kikaisha. Mjomba akamchukua mtoto mgongoni kwangu, akamwinua juu kwa mikono miwili, mama amwone.

Mtoto alilala kwa uji. Kesho yake mama akavushwa, akanyonyesha, hakumwamkia kaka yake. Kisha akafungua jani la mgomba, akamwekea wali wa Maulidi, akakaa chini kumngoja ale.