Pumba za Ulezi kwenye Matundu ya Sisimizi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinitoa Kihesa ninakoishi sasa, akanipeleka kijijini kwetu juu milimani nikaone malisho yetu ya zamani. Siku hizi ni hifadhi. Kuna kibao, na kuna kijana anayewatembeza wageni. Nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Wazee walizitunza sana nyasi hizi, mpaka mlinzi wa mwisho akawafungulia ng'ombe kabla ya wakati kwa kuhongwa ulanzi." Akamtaja na jina. Wageni wakacheka. Mimi nikainamia fimbo yangu.

Yule mlinzi alikuwa jirani yetu, na ulanzi, pombe yetu ile ya mianzi, hakuwahi kuugusa. Hata togwa ikichachuka kidogo alikuwa anairudisha.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nyasi za kilimani zilifungwa tangu mvua za kwanza. Ng'ombe haingii, jembe haliingii, moto ndiyo usiseme. Zilikuwa akiba ya ndama wakati wa kiangazi. Na waliosema lini zifunguliwe hawakuwa viongozi, walikuwa sisimizi. Wale weusi wanaokota mbegu za nyasi, wanazimenyea ndani ya tundu, pumba wanazitupa nje. Ukiona pumba zimezunguka kila tundu kama ngata ya kubebea maji, ujue mbegu za kutosha zimeshadondoka na mwakani nyasi zitaota. Kabla ya hapo, hapana.

Mimi nilikuwa na kama miaka kumi, nachunga ndama wa bibi yangu. Kwa kuwa kilimani kumefungwa, niliwapeleka bondeni, mbali, kwenye baridi ile ya mwezi wa sita, miguu imepasuka mpaka inatoa damu. Nikirudi jioni wenzangu wameshamaliza viazi vya kuchoma. "Njoo, wewe wa bondeni, maganda yako haya!" Nilichoka, sikatai. Lakini nani hakuchoka?

Siku moja bibi alikuwa amepepeta ulezi wa pombe, ule uliokaa darini juu ya moto. Nikachota pumba kwenye kikapu, nikapanda kilimani, nikazimwaga kuzunguka tundu moja baada ya jingine, nikazipanga kwa kidole. Sisimizi walinipanda mpaka magotini, wakaning'ata. Sikuacha.

Kesho yake asubuhi mlinzi akaja kukagua. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, anaona kivulivuli tu. Akaniita.

"Kamwene, binti. Hebu niazime macho. Hizi ni pumba za nyasi?"

"Ndiyo, baba."

"Matundu yote?"

"Yote, baba."

Akanigusa kichwani. "Asante, mama."

Siku ya tatu ng'ombe wakaingia, nyasi zina masuke mabichi. Mimi nikashiba viazi mwezi mzima. Mvua zilipokuja, kilima kikaota mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Kiangazi kilichofuata ndama wakafa, wawili wa bibi. Watu wakakaa kikao, wakasema mlinzi kahongwa ulanzi na wenye ng'ombe wengi. Wakamvua kazi. Kanisani akahama benchi la mbele, akawa anakaa mlangoni. Bibi yangu, aliyekuwa anampelekea bakuli la makande kila Jumapili, akaacha. Na mimi ndiye niliyekuwa nalibeba lile bakuli.

Siku moja tulikutana kisimani, mimi na yeye tu. Akasema taratibu, "Nilirudi kilimani, nikaziokota zile pumba, nikazinusa. Pumba za nyasi hazinuki moshi wa jikoni." Nikangoja anishtaki. Akachota maji yake, akaondoka. Hakunishtaki mpaka anazikwa.

Nilikuwa na mdomo. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka, mdomo umefungwa.

Baada yake kilima kilikuwa kinafunguliwa kwa amri ya kikao. Hakuna aliyetaka tena kusikia habari za sisimizi. Waliona ni uongo wa mzee mlevi. Sasa nyasi zimerudi, ndefu, zinapendeza, na sisimizi wapo. Lakini hakuna mtoto anayetumwa kuinama kwenye matundu, akatazame nini kimetupwa nje. Tunaojua maana yake tumebaki wachache, na tukiondoka basi. Hilo halikufa lenyewe. Nililiua mimi kwa kikapu kimoja cha pumba.

Juzi nikamwambia mjukuu anitafutie namba ya yule kijana wa hifadhi. Nikampigia kijana, nikamweleza yote. Akacheka kwa adabu.

"Bibi, ulikuwa mtoto tu, usijisumbue. Nitawaambia wageni kwamba kuna mtoto mmoja alidanganya."

"Mlinzi unamtaja kwa jina, au sivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi na mimi nitaje."