Toa Mbegu Kwanza

Mama alirudi kusoma gumbaru, shule ya watu wazima, akiwa tayari ana wajukuu. Jumamosi moja nilitoka Nakuru kwenda kumwona nyumbani Olenguruone, akaniambia ameamua kuacha. Kilichomshinda kilikuwa mstari mmoja kwenye daftari: 3x + 6 = 36. Tafuta x.

"Hiyo eksi yenu imenimaliza. Jumatatu siendi."

Niliumia. Siku hizi alikuwa anajisomea maandishi kwenye dawa zake bila kunipigia simu, na sikutaka hilo liishie hapo.

Nikaangalia kazi yake. Alikuwa amegawa 36 kwa 3, akapata 12, ndipo akatoa 6. Jibu lake, 6. Nikamweleza, akarudia vilevile. Nikamweleza tena, sauti ikapanda, naye akanuna. Mimi subira sina, kwetu wote wanajua.

Nikatoka nje kupoa. Kando ya mlango kulikuwa na debe alilotumia kupimia waru, yaani viazi. Mama na majirani wawili hulima shamba moja la kikundi. Nikarudi ndani.

"Mama, tuseme mmevuna debe thelathini na sita za waru. Mnagawana aje?"

"Kwani wewe ni mgeni hapa? Tunatoa mbegu kwanza. Debe sita. Mbegu hatugawi."

"Halafu?"

"Zinabaki thelathini. Kila mtu kumi." Akaitazama karatasi. "Ngoja. Kumbe eksi ni fungu langu?"

Nilicheka mpaka naye akacheka. Akafuta, akaandika 10, kisha akajitosa kwenye swali lililofuata bila kuniuliza: 3x + 6 = 6. Akatoa mbegu. Hakukubaki kitu cha kugawa.

"Hii naijua," akasema. "Ni ule mwaka wa mvua ya mawe."

Nami niliukumbuka. Tulilala na uji mwepesi, na mbegu za kikundi zimekaa chini ya kitanda chake. Nililia nikimwomba apike hata kidogo tu. Alikataa, na mvua iliporudi wote watatu walipanda.

Mama aliandika x = 0, akapiga mstari chini yake. Kisha akaniambia nimwanikie sweta yake ya shule, Jumatatu asubuhi huwa na baridi.