Ubao wa Skola

Siku moja ya ujana wangu hainitoki, mwanangu. Nakumbuka nashuka ngazi, brashi mkononi, najiona bingwa. Nilikuwa nimemaliza ubao wa duka la binti mmoja hapa Mjimwema, herufi zina mikia, zina vivuli, nyingine nimezitia maua. Kizuri chajiuza, nikajisemea.

Mzee Haule, fundi aliyenifundisha kazi, hakunisifu. Alinivusha barabara tukakaa ukingoni mwa mtaro. "Tusubiri," akasema. Ndio ulikuwa utaratibu wake: ubao haujaisha mpaka mpita njia asiyetujua ausome kwa sauti. Tukakaa mpaka jua likatuchoma. Watu walitazama, wakatabasamu, wakapita.

"Umejiandika wewe, kijana," akasema. "Mwenye duka yuko wapi hapo?"

Nikafuta kwa mafuta ya taa, nimenuna kweli kweli. Akanielekeza herufi nene zisizo na mkia, mistari ya rula, na O ya kuzungushia sahani. Kati ya herufi na herufi, nafasi ya kupumua. Tulipomaliza tukarudi mtaroni. Akapita mama mmoja akitoka Matogoro, kuni kichwani, akasoma polepole: "Du-ka la Sko-la."

"Abee!" binti akaitika toka ndani, akidhani anaitwa. Nikamcheka, naye akanicheka kwa rangi iliyonijaa usoni. Ndiye niliyemuoa.

Sasa Skola hayupo, na nyumba imenielemea. Watoto wako mbali, hupiga simu Jumapili. Majirani kwa kunihurumia hawalitaji jina lake, wanasema "marehemu". Wanaolitaja ni wageni tu, wanaosoma ubao wakipita. Nawasikia nikiwa ndani, na kuna siku nakaribia kuitika kwa niaba yake. Upweke, mwanangu, usikie kwa jirani.

Jana ulikuja, wewe uliyepanga chumba cha duka la Skola. Ukaniamkia vizuri, ukanionyesha kwenye simu ubao wako mpya: herufi nene, duara safi kuliko la sahani yangu. Kisha ukauliza, kwa aibu, kama ule wa zamani unaweza kushuka. Nikakwambia nina mahindi jikoni yanaungua, nikaingia ndani. Sikuwa na mahindi yoyote.

Jibu ni hili: ushuke. Duka sasa ni lako. Ila shika neno la Mzee Haule. Ukiandika jina la mtu, liandike ili mgeni alisome, usitafute sifa zako humo. Ukimaliza usikimbie. Vuka barabara, kaa, sikiliza.

Jumamosi ukija, usianze na msumari. Simama kwanza kule mtaroni uusome ubao wa Skola kwa sauti, taratibu. Mimi nitakuwa ndani. Nikishaitika, nitakuletea ngazi.

Mungu akujalie wateja, mwanangu, na uzeeni akuachie mtu wa kukuita kwa jina.