Shibiri Moja ya Pasi Yangu

Mume wangu Cyrille ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimefungwa kwa skrubu akakiacha. Redio, saa ya ukutani, tochi ya padri, vyote vimepita mikononi mwake. Anasema anataka kuangalia tu. Nimeishi naye miaka kumi na mmoja na bado sijaona kitu alichokiangalia tu.

Huko Bujumbura, mtaa wa Bwiza, ugonjwa huo ulitulisha. Sote wawili ni watu wa Bukavu. Yeye alisoma ufundi wa umeme kwa mapadri, akapata kazi gereji, mimi nikashona. Mwaka tisini na tano mtaa ulipovurugika, tulitoka asubuhi moja, kila mtu na alichoweza kushika. Cyrille alimshika mtoto wetu Christian na mfuko wa bisibisi. Majirani walibeba sufuria, magodoro, unga. Mimi nilibeba pasi yangu ya umeme. Niliivusha Tanzania nzima nikafika nayo hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, ambako zamani palikuwa gereza na ambako nyumba zetu za matofali ya udongo hazijawahi kuona waya wa umeme. Watu walinicheka mpaka wakachoka. Jirani yetu Epiphanie, Mrundi, alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama pasi imeamka salama.

Wacheke. Nguo isiyopigwa pasi ni vitambaa vilivyounganishwa tu. Tena sikuwa na wazimu. Lilongwe, mtaa wa Kawale, alikuwepo Mama Pascaline, Mrundi aliyetutangulia, mwenye chumba cha cherehani nne na umeme. Tulikutana kanisani akaniahidi: nafasi ikipatikana, njoo, ila njoo na pasi yako, kwa sababu ya kwangu ni moja na tunaigombania. Kwa hiyo ile pasi ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutoka kambini, na Cyrille alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Kisha akaja Bambo Nkhoma, yaani Bwana Nkhoma kwa Kichewa. Huyu ana gereji Kawale, na Kiswahili alijifunza zamani akiendesha malori ya Tanzania. Ana pia matola, pikapu ya kupakia watu na mizigo nyuma, ambayo siku moja ilizima mbele ya kambi. Cyrille akafika pale kabla injini haijapoa.

Nitaeleza shida kama nilivyoelezwa mimi, mara mia, nikiwa nasonga ugali. Injini ya petroli ina koili, kitu kinachotoa cheche. Koili haitaki umeme wote wa betri. Inataka upunguzwe kwanza. Kinachoupunguza ni rezistansi, kijiti cheupe cha kaure kama kidole, kimefungwa kando yake. Kijiti hicho kikiungua, na madukani hakuna kingine, mafundi wengi wanaunga waya moja kwa moja. Gari linakwenda vizuri sana wiki mbili. Halafu koili inachemka, inapasuka, abiria wanashukia porini.

Cyrille akasema anaweza kuitengeneza rezistansi hiyo mwenyewe. Hakuulizwa, alisema.

“Ukiweza, bambo,” Nkhoma akamwambia, “nitaandika barua kwa ofisi ya kambi, mtu akae Lilongwe afanye kazi kwangu. Lakini iwe ndogo. Kama kiberiti. Pale pana mpira wa petroli, sitaki moto.”

Sasa, rezistansi hutengenezwa kwa utepe wa chuma unaopata moto bila kuyeyuka. Na utepe wa namna hiyo, katika Dzaleka nzima, ulikuwa mahali pamoja tu.

“Mama Christian,” Cyrille akaniambia, “mule ndani iko shibiri makumi tatu na mbili, nimehesabu. Mi natafuta moja tu.”

“Apana.”

“Pasi haitajua. Itapata moto kidogo zaidi, njo basi.” Njo ni ndiyo ya Bukavu.

“Umehesabu? Kumbe ulishaifungua?”

“Nilikuwa naangalia tu.”

“Papa Christian, ile pasi nilibeba na mugongo yangu. We ulibeba bisibisi.”

“Shibiri moja, Rosette.”

Aliomba Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi nikampa. Ndoa ndivyo ilivyo; mtu anakuchosha mpaka unampa anachotaka ili upate kukaa kimya.

Ya kwanza aliizungusha kwenye kijiti cha udongo alichokichoma kwenye mafiga yangu, siku ya maharage. Kijiti kilipasuka, maharage hayakuiva. Ya pili aliibana sana ili iwe ndogo, duara zikagusana, umeme ukapita njia ya mkato, koili ya Nkhoma ikachemka. Ya tatu aliitenganisha vizuri, akaifungia ndani ya bati la dagaa bila hata tundu moja. Njiani kupanda mlima wa Dowa, moshi ukatoka chini ya boneti, na kina mama wakaruka na vikapu vyao vya nyanya. Nkhoma alifika nyumbani kwetu, akakaa, akaweka lile bati jeusi mezani. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Cyrille alikuwa anafurahi. “Sasa najua,” akasema. Akaomba shibiri nyingine.

Ya nne, ya tano, ya sita na ya saba sitaki hata kuzikumbuka.

Kila nilipomwambia aache, alinijibu kana kwamba mimi ndiye niliyeweka sheria za moto. “Bantu banataka kintu kidogo,” alilalamika. “Lakini moto haipunguke eti juu kintu iko kidogo. Moto inabakia ile ile, inatafuta pa kutokea.” Alisema hayo akila, akisali, akimvalisha Christian viatu. Nilikuwa najua habari za moto kuliko mke yeyote wa Dzaleka, na pasi yangu ilikuwa inapungua kila siku ya soko, matola ya Nkhoma ilipopita kuja kujaribiwa.

Alipoifungua kwa shibiri ya nane nilikuwa nakunja marinda ya sketi ya kwaya, kwa mkono, karibu na mlango penye mwanga. Yeye aliketi mbele yangu akizungusha utepe kwenye msumari, akiutoa, akiuzungusha tena, akihema kama mtu anayesukuma gari. Nikashindwa kuvumilia.

“Kwa nini unaizungusha?”

“Ili iingie pahali padogo.”

“Hii sketi ina mita tatu za kitambaa na itaingia kiuno ya mutoto wa miaka kumi. Umeona nikiizungusha?”

Akatazama sketi. Alitazama muda mrefu, na mimi namjua akitazama hivyo: nilivuta sketi kwangu.

Basi nikamnyang'anya ule utepe. Niliukunja marinda, huku na huku, na kati ya rinda na rinda nikaweka kipande cha mika, yale maganda membamba yanayong'aa yaliyotoka humo humo kwenye pasi, kama unavyoweka bitana kitambaa kisigusane. Cyrille akasema kona kali itaungua. Nikamwambia najua, rinda hili halipigwi pasi, linaachwa na tumbo. Kila rinda nikalikunjia kwenye msumari wake. Yeye akakata bati, akalitoboa matundu pande zote, akaliacha na mguu mpana wa kulalia chuma cha gari ili moto upate pa kwenda. Ilikuwa ndogo kuliko kiberiti. Kusema kweli ilikuwa nzuri, na nilikasirika zaidi, kwa sababu zile saba za mwanzo hazikuwa na haja ya kufa.

Pikapu ya Nkhoma ilipanda Dowa na kushuka. Ilikwenda Nathenje, ikarudi imejaa mahindi. Wiki nzima, kisha ya pili. Nkhoma akatuma salamu: anataka ishirini, za magari ya wateja wake. Cyrille akaondoka Ijumaa na karuhusa ya ofisi, mfuko wa bisibisi begani, ana haraka hata chai hakumaliza.

Jumatatu nikapata habari kutoka kwa Mama Pascaline. Mshonaji mmoja amefuata mume wake Blantyre. Njoo kesho, alisema, na pasi.

Nilipiga hesabu yangu. Thelathini na mbili kutoa nane ni ishirini na nne. Pasi itakuwa kali, basi nitaichomoa mara kwa mara kwenye umeme, nitaizoea, hata farasi mkali huzoewa. Nilimwachia Epiphanie mtoto, nikaomba karuhusa, nikaifunga pasi kwa kanga kama nilivyoifunga siku ile ya Bwiza.

Chumbani kwa Mama Pascaline palikuwa na wanawake watatu. Waliniwekea suruali ya suti, ya mteja mkubwa, nionyeshe mkono wangu. Nikachomeka pasi ukutani. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nasubiri kuichomeka. Nikalowesha kitambaa, nikasubiri. Nikagusa kwa kidole chenye mate. Nikasubiri tena. Mama Pascaline alikohoa. Nikaweka kiganja kizima juu ya pasi na ilikuwa baridi kama mtungi.

“Labda umeme umekatika,” mmoja akasema kwa huruma, na taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Nikaomba kisu, nikafungua skrubu mwenyewe. Ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na hata shibiri moja.

Gereji haikuwa mbali. Sikumbuki nilipitaje, ila nakumbuka watu walinipisha. Nkhoma akanipokea kwa mikono miwili na shukrani za Kichewa. “Mayi Rosette! Zikomo kwambiri!” Kabla sijafungua mdomo alikuwa amefungua boneti ya basi dogo anionyeshe. Akafungua ya pili. Magari manane uani, na katika kila moja, kando ya koili, palikuwa na bati lenye matundu. Pasi yangu ilikuwa imesimama pale inasubiri abiria.

Cyrille alitoka chini ya gari. Akaona kanga, akaona kilichomo.

“Nilikuwa nataka kukuambia.”

“Lini?”

Akageukia meza ya kazi. Mezani kulikuwa na vipande vilivyopinda vibaya, marinda ya mlevi, vidole vyake havikuweza. Nane zilikubali, zilizobaki aliziharibu.

“Kwa nini hukuniomba, Papa Christian? Hata ile moja moja ulikuwa unaomba.”

“Ungekatala.”

“Ndiyo, ningekatala.”

“Bambo alisema barua itatoka na rezistansi ishirini,” akasema, akijifuta mikono kwenye suruali. “Na bila barua, hata uko na pasi, Lilongwe utakaa siku ngapi? Karuhusa ni ya juma moja.”

“Basi umeipata barua yako. Kaa nayo.”

Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Barua ya Nkhoma ilikuwa ya mtu mmoja, ofisi haikubali zaidi, na tarehe yake ilikuwa ya Jumamosi, siku tatu kabla mimi sijafika pale na hasira zangu. Nilisoma jina. Nikalisoma tena, kwa sababu halikuwa lake.

“Mi najua kukata,” Cyrille akasema. “Mwenye kukunja njo weye. Bambo nilimwambia hivyo, njo alikubali kuandika. Utamukunjia siku moja kwa juma, siku zingine ushone. Mi nitabakia na Christian.”

Nataka nieleweke: nilikuwa bado nimekasirika. Hakuniuliza kuhusu pasi, hakuniuliza kuhusu kazi, hakuniuliza kama nataka kukaa mji ambao yeye hayumo. Alikaa peke yake akapanga maisha yangu kama anavyopanga nyaya. Lakini mtu akikunyang'anya pasi kisha akakupa mji, na yeye akabaki kambini anakula mahindi ya mgao, utamgombeza kuanzia wapi? Hata hasira yangu aliiharibu kwa kuifungua.

Juu ya meza ile palikuwa na pasi nyingine, ya mke wa Nkhoma, mbovu, imeletwa nayo ikatwe. Nikaivuta. Nikamwambia Nkhoma nitamkunjia zote anazotaka, ila hii haikatwi, hii naondoka nayo. Nkhoma akacheka, akasema mke wake ameshaisahau. Cyrille akaifungua, akaangalia, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu aliangalia tu.

“Ilikatika pahali pamoja,” akasema polepole. “Inaomba shibiri moja tu.”

Nilichagua mwenyewe katika vile vipande alivyoharibu, nikapima kwa mkono wangu, nikamkabidhi. Akaunganisha.

Kwa Mama Pascaline pasi ilipata moto. Sikuanza na suruali ya mteja. Nilianza na shati la Cyrille, lenye kola iliyokunjamana, yeye akisubiri nje na fulana, na nilipiga pasi mpaka ndani ya mikono, mahali pasipoonekana. Alilivaa likiwa bado na joto.

Akapanda matola ya Nkhoma kurudi Dzaleka, ile ya kwanza, yenye shibiri ya nane. Mungu anisamehe, nilisimama pembeni mwa barabara nikiomba izime. Ilipita sokoni, ikapunguza mwendo kwenye kona, nikashika pumzi. Haikuzima. Yale marinda nilikuwa nimeyakunja vizuri mno.