Jina Chini ya Birika

Marlys Kangas alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwanamke mzima, mpishi mkuu wa shule, siku alipojikuta amelala chali chini ya meza ya mama yake, tochi mdomoni, akisoma. Kwenye ubao wa chini palikuwa na kitepe cha gundi, kile cha rangi ya maziwa wanachotumia wapaka rangi, na juu yake mwandiko wa mama yake, herufi kubwa zilizolala upande: RHODA.

"Nilijua tu," alisema, na tochi ikamwangukia kidevuni.

Rhoda alikuwa mdogo wake wa pekee. Alihama Minnesota akiwa na miaka ishirini, akaolewa Seattle, na tangu hapo akawa binti wa simu ya Jumapili. Mama yao, Ilma, wiki nzima huongea kama mtu anayelipia maneno, lakini simu ya Jumapili ikilia huwa chiriku. Rhoda kapanda waridi. Rhoda kaenda Ureno. Rhoda kasema nisisahau soksi, sakafu ni baridi. Marlys, aliyekuwa amemvisha mama hizo soksi kwa mikono yake asubuhi ileile, alikuwa akimeza mate na kuendelea kukanda unga.

Tuseme ukweli wake, wivu ule haukuanza kwenye simu. Ulianza Rhoda alipoletwa kutoka hospitali, amefungwa blanketi la manjano ambalo Marlys alidhani ni lake. Watu wengine wivu huwapita wakishakua. Huyu ulikua naye, ukavunja naye ungo, ukaolewa naye. Mumewe, Duane, alikwenda Alaska kuvua samaki asirudi. Si kwamba alikufa, alipapenda tu. Watoto hawakujaliwa. Marlys akarudi nyumbani kwa mama yake kando ya ziwa, akawa ndiye wa kukwangua theluji mlangoni, wa kupeleka kwa daktari wa macho, wa kuwasha moto wa sauna, kile kibanda cha kuoga kwa mvuke, kila Jumamosi na kumshika mama mkono asiteleze. Hakulalamika. Alihesabu tu.

Habari ya vitepe ilitokana na mazishi ya mzee Lahti. Baada ya kuzika, watu walishuka chini ya kanisa kunywa kahawa kama kawaida, na palepale, mbele ya mchungaji, watoto wawili wa marehemu wakaing'ang'ania akodioni, kinanda cha mikono cha baba yao, mmoja huku na mwingine kule, wakaivuta. Akodioni ikalia. Watu wakaacha kutafuna.

"Mimi sivutwi hivyo," Mama Ilma alisema ndani ya gari.

Jumatatu alimwomba Marlys ampeleke kwa mwanasheria, Bi. Hedlund. Marlys alingoja ndani ya gari saa nzima na nusu, macho kwenye mlango, roho juu. Mama akatoka na bahasha nene na peremende mbili.

"Humo ndani mlikuwa na joto?" Marlys aliuliza.

"La kutosha."

Ikawa ndiyo basi. Maana kwa watu wale, wajukuu wa Wafini waliotoka Ulaya kuja kuchimba chuma, kumwuliza mzazi aliye hai "utaniachia nini" ni aibu kuliko kuingia kanisani na viatu vya zizini. Mtu hungoja. Huongelea hali ya hewa, hunywa kahawa, hungoja.

Wiki ileile mama alianza kubandika. Alitembea nyumba nzima na tepe na kalamu, akipindua hiki, akiinamia kile. "Naandika majina msije mkagombana," alisema, "kila mtu atajua kinakokwenda." Marlys akangoja aone kilicho chake. Mama akilala mchana, yeye anapindua. Saa ya ukutani: Rhoda. Sahani za maua ya bluu, zote kumi na mbili, kila moja na kitepe chake kama mgonjwa: Rhoda. Biblia ya babu: Britta, binti wa Rhoda. Hata Toivo, jirani ambaye kazi yake kubwa ni kuomba kahawa, alikuwa ameandikiwa koleo la theluji. Birika la shaba la kahawa: Rhoda. Marlys alipindua mpaka kikopo cha vifungo. Jina lake halikuwepo popote.

"Mimi ni nani humu?" alikiuliza kile kikopo. "Mtumishi?"

Kitu kimoja tu kilikuwa hakina kitepe, na ndicho kilichokuwa kikimnyima raha. Ni kitanda cha kufumia, kilichosimama chumba cha nyuma, cha mbao nyeupe za mti wa mbetula, alichokichonga babu yake. Marlys alianza kufuma mazulia ya matambara juu yake akiwa na miaka tisa. Baba yao alipofariki, yeye na mama walichana mashati yake ya kazini, wakayafuma, na zulia lile ndilo wanalokanyaga wakitoka sauna mpaka leo. Rhoda hakuwahi kufuma hata upana wa kiganja. Lakini kiangazi kilichopita Marlys alimsikia kwenye simu, maana mama huweka sauti kubwa: "Mama, kile kitanda cha kufumia kingependeza sebuleni kwangu! Ningening'iniza maua juu yake."

Maua. Marlys alikosa hamu ya kula siku mbili.

Kwa hiyo kila alasiri alikwenda kuchungulia chini ya ubao wa kukalia, akitegemea kukuta RHODA. Hakuna kitu. Afadhali angelikuta akajua moja.

Mwezi wa Julai mama alitangaza kwamba Rhoda anakuja, na kwamba Ijumaa wote watatu watakaa mezani kuzungumza. Marlys alielewa anachoelewa mwenye wivu: anakuja kubeba. Siku moja kabla, mama akikoroma taratibu kwenye kiti chake, alichukua tepe kwenye droo, akakata kipande, akaandika MARLYS kwa herufi zilizolala upande kama za mama, akakibandika chini ya ubao wa kitanda cha kufumia. Hakuwahi kuiba hata njugu dukani.

Angeishia hapo, ningemtetea. Lakini akirudi jikoni aliliona lile birika la shaba, limeng'aa, limejaa majivuno. Alilipindua akakibandua kitepe cha Rhoda, akakiviringisha kikawa kigololi, akakitumbukiza mfuko wa aproni. Birika lenyewe halipendi, mdomo wake humwaga ovyo. Alitaka tu Rhoda apungukiwe na kimoja.

Rhoda alifika akinukia marashi, na sanduku la magurudumu.

"Dada! Umekonda!"

"Sijakonda."

"Mama, Marlys amekonda, sivyo?"

"Amekonda," alisema mama, ambaye humwona kila siku na hakuwahi kusema hivyo.

Ijumaa asubuhi palikuwa na kahawa mezani na mkate wa iliki aliousuka Marlys mwenyewe, maana hata kwenye msiba wake angepika. Mama alivaa miwani, akaiweka bahasha mbele yake.

"Nimeandika wosia. Sitaki msomewe nikiwa udongoni. Mtu akitaka kunikasirikia, anikasirikie nikiwa naweza kujibu."

Akaifungua bahasha.

"Vyenye majina vinatoka. Hivyo ndivyo vya kuondoka humu, vya Rhoda, vya Britta, koleo la Toivo. Mtu wa mbali lazima apewe vya kubeba, asije akajiona mgeni kwao. Kisicho na jina hakitoki, kinabaki na nyumba. Na nyumba, na kiwanja mpaka majini, na sauna, ni vya Marlys. Bi. Hedlund ameshafunga kila kitu, hakuna wa kuvuta. Nikipotewa na akili, mnaamua pamoja nitibiwe vipi, nyote wawili, asibebe mmoja lawama."

Masikio ya Marlys yaliwaka moto.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Hukuuliza."

"Kwetu mzazi haulizwi!"

"Nilidhani unajua. Mtu aandikwe jina kwenye kitu ambacho tayari ni chake? Kitanda cha kufumia ni chako tangu una miaka tisa. Nikuandikie nini?"

Marlys alitazama mkate. Kama sakafu ingefunguka angeingia kwa hiari yake.

Rhoda aliinuka kama anayetaka kuongeza kahawa, akalinyanyua birika, na Marlys akaona vidole vyake vinapapasa chini. Vikapapasa tena. Akalirudisha polepole.

"Birika linabaki, kumbe," alisema.

"Birika gani?" Mama aliuliza. "Hilo si lako? Uliniomba Krismasi ya mwaka juzi."

"Halina jina, Mama. Si kitu. Labda ulibadili mawazo."

Aliketi akaanza kuuvunjavunja mkate wake. Marlys alijua sababu, na ndiyo iliyomuuma: baba yao alikuwa akimmiminia Rhoda kahawa na maziwa kwenye kisosi kutoka birika lile, amempakata. Marlys alikuwa mkubwa mno kupakatwa. Alikuwa akisimama pembeni anatazama.

Na sasa nitamsema kama alivyokuwa. Kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya kahawa, Marlys alifurahi. Nyumba yake, kitanda cha kufumia chake, birika nalo lake, na Rhoda ametoka mtupu kwenye kile kimoja alichokiomba. Alichohitaji ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote.

Lakini Mama Ilma alikuwa amelivuta birika kwake. Alilipindua, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa, asijali. Kidole chake kikapita kwenye shaba tupu.

"Niliandika," alisema. "Nakumbuka niliandika. Nilikaa hapa hapa." Akainua macho, na macho yale yalikuwa na hofu ambayo Marlys hakuwahi kuiona, hata siku ya msiba wa baba. "Bi. Hedlund aliniuliza kama akili yangu iko sawa. Nikatia saini kwamba iko sawa. Marlys, nimeanza kusahau? Wewe unakaa na mimi. Niambie."

Marlys aliingiza mkono mfukoni. Kile kigololi kilikuwa na unga na uzi wa soksi. Alikiweka mezani, akajaribu kukifungua kwa kucha, kikang'ang'ania, mpaka zikaonekana herufi tatu za mwanzo.

"Akili yako nzima, Mama," alisema. "Iliyooza ni roho yangu."

Mama alikitazama kitepe.

"Kuna kingine?"

"Kitanda cha kufumia. Nimejiandika."

"Jina lako?"

"Langu."

"Kwenye kitu chako."

"Ndiyo, Mama."

Mama Ilma alianza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, mpaka akakohoa na Rhoda akampiga mgongoni. "Basi kitatoka! Si nimesema chenye jina kinatoka? Utakibeba uende nacho wapi, wewe mtoto?"

Marlys alimgeukia mdogo wake, tayari kutukanwa. Rhoda alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mwezi wa Mei nilikuja siku mbili," alisema, "ukaenda dukani. Nikapindua kila kitu. Nililiona jina langu chini ya birika, kwa hiyo leo nilijua limebanduliwa, lakini ningesemaje? Ningesema nililionaje?" Alijifuta pua kwa kitambaa cha meza. "Na nilitafuta lako, dada. Sikuliona hata mahali pamoja. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaimba."

"Toivo aliniambia ulikuwa ukiimba."

"Miaka yote hii unaamka naye, unakunywa naye kahawa. Mimi nina saa moja ya Jumapili. Nikasema, angalau kimoja nimemshinda."

"Sahani kumi na mbili," alisema Marlys.

"Sijui hata nitaziweka wapi!"

Mama alisukuma tepe na kalamu katikati ya meza. "Andika," alimwambia Marlys. Marlys akaandika RHODA kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi zimesimama wima, akakibandika chini ya birika na kukikandamiza kwa kidole gumba.

Mama Ilma alifariki majira ya baridi ya tatu baadaye, akili nzima. Baada ya maziko watu walishuka chini ya kanisa wakanywa kahawa, na ilikuwa kahawa tu. Birika lilisafiri kwenda Seattle mapajani mwa Rhoda, akakataa kabisa kuliweka juu na mizigo. Sitasema wivu ulizikwa na mama. Rhoda akipiga simu kusema kahawa ya birika lile haina mfano, Marlys humkumbusha kwamba linamwaga.

Kiangazi cha mwaka jana Marlys naye alikwenda kwa Bi. Hedlund, akatoka na bahasha na peremende mbili. Hakuna kitu alichokiandika jina. Rhoda alikuja kutembea mwezi wa Agosti, na alasiri moja Marlys alirudi kutoka kwenye sauna akakuta miguu miwili imetokeza chini ya kitanda cha kufumia, na mwanga wa tochi.

"Natafuta hereni," miguu ilisema.

Rhoda alijitoa, vumbi nyweleni, hereni zote mbili masikioni. Wakatazamana. Marlys akavuta kiti akaketi.

"Uliza," alisema.

"Nini?"

"Uliza tu. Mimi si Mama. Uliza."

Rhoda alikung'uta sketi, akatazama dirishani, akataja hali ya hewa. Halafu akameza mate. "Hiki utamwachia nani?"

"Britta. Wiki ijayo anakuja nimfundishe kufuma. Ameshanitumia mashati ya zamani ya baba yake."

"Vizuri," alisema Rhoda. "Vizuri sana." Akapapasa mbao zile kwa kiganja, mara moja, mara mbili. "Kwa nini si mimi?"

Miaka sitini na zaidi Marlys alikuwa ameungoja wivu ule utoke upande wa pili, na nisimsingizie, alikaa kwanza akaufaidi. Kisha akasogea kwenye ubao wa kukalia, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," alisema. "Nikuonyeshe unapoanzia."